Mota Iliyobanduliwa Namba

Shaheed Kamaldien alijibana kidole gumba kwenye mlango wa nyuma wa gari lake, asubuhi ya Jumamosi, akipakia vitu vya mashindano. Ukelele alioutoa tuliusikia hadi ng'ambo ya barabara. Daktari akakifunga kidole kwa banzi kikawa kinene kama soseji, akamwambia asishike rimoti mpaka kipone. Msimu ulikuwa katikati, naye Shaheed ndiye aliyekuwa akiongoza kwa pointi klabuni kwetu Strandfontein, pwani ya Cape Town.

Sisi ni watu wazima tunaoshindanisha vigari vya rimoti, wala hatuoni haya. Vigari vyenyewe vina urefu wa kutoka kiwiko hadi vidoleni, vina betri na mota, na vinakimbia kwenye njia ya mchanga tuliyoichimba wenyewe nyuma ya uwanja wa kriketi. Madereva husimama juu ya jukwaa la mbao na rimoti zao mikononi. Mimi, Washiela, ndiye ninayeshika kipaza sauti na kompyuta ya kuhesabu mizunguko. Nuraan, mke wa Shaheed, ni mtoto wa mama yangu mdogo. Tumelelewa nyumba moja, tumegombania kitana kimoja.

Kanuni ya klabu inamruhusu mtu wa nyumbani amwendeshee aliyeumia ili pointi zisipotee. Jumapili ile Shaheed akaja na mkewe nyuma yake.

"Nuraan atashika," akatuambia. "Azunguke polepole tu, amalize. Sitaki makuu."

"Nuraan yupi?" mtu akauliza kwa mzaha. "Huyu wa sambusa?"

Tulicheka, hata Nuraan mwenyewe. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa ndiye wa sambusa. Alikaa chini ya turubai na birika la chai na bakuli la koesista, yale maandazi yetu ya sharubati, akimshikia mumewe taulo kila anaposhuka jukwaani akiwa ameshinda.

Basi akapanda jukwaani. Mzunguko wa kwanza aligonga ukingo mara mbili. Wa pili aligonga mara moja. Wa tatu hakugonga kitu. Mimi nimewatazama madereva muda mrefu, na najua kelele ya mota inayominywa na mtu mwenye pupa. Hulia, hunyamaza, hulia tena. Ya Nuraan ililia kwa sauti moja iliyopanda na kushuka taratibu. Kazi yake ni kushona nguo za maharusi kule mtaa wa Athlone, na nadhani mtu aliyezoea kukanyaga cherehani juu ya hariri hawezi kubana kitu chochote kwa fujo. Akamaliza wa tatu.

"Wa tatu!" Shaheed akapiga kelele, akamkumbatia mbele yetu sote. "Mmeona gari langu?"

Jumapili iliyofuata akawa wa pili. Ile baada yake akashinda.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kumkaa Shaheed vibaya. Aliniambia mwenyewe baadaye, kwa hiyo simsingizii. Alisema siku ile Nuraan aliposhinda alisimama chini ya jukwaa na kidole chake cha banzi, akapiga makofi pamoja na wengine, huku akihesabu siku zilizobaki banzi litoke. Watu hawakumhurumia. Klabu yetu haina huruma.

"Shaheed, gari si lilelile?"

"Lilelile."

"Na mota si ileile?"

"Ileile, bwana."

"Sasa mbona likiwa mikononi mwako linakwenda kama linadaiwa kodi, na likiwa na mkeo linateleza kama siagi?"

"Mbane na kidole kingine, Nuraan," akadakia mwingine, "utuachie msimu mzima!"

Shaheed alicheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Usiku huo, walipofika nyumbani, aliwasha televisheni akaipandisha sauti.

Kidole kilipopona alilichukua gari lake siku hiyohiyo. Nuraan hakugomba. Aliweka rimoti mezani, akaifuta vumbi, akamwambia, "Haya, chukua. Na mimi nitatengeneza la kwangu."

Shaheed alidhani anatania. Hakuwa akitania. Palikuwa na mwenzetu aliyekuwa anahamia Johannesburg, akauza kigari chake bila mota. Nuraan akakinunua. Kilichobaki kilikuwa kuchagua mota, na kwa mchezo wetu kuchagua mota ni nusu ya vita, maana daraja letu liko wazi: kila mtu hufunga atakayo.

Mota hizi hazina brashi ndani yake, ni sumaku inayozunguka katikati ya waya. Waya ukisokotwa mara chache, mota huwa na mbio na hasira. Ukisokotwa mara nyingi, huwa pole na mtiifu. Ndiyo maana kwetu namba ndogo ndiyo kali. Mtu akikwambia ana kumi na tatu na nusu, ujue ni mtu wa taratibu. Shaheed alikuwa na nane na nusu, na hiyo ndiyo mota ya wanaojua. Chini ya hapo kwenye mchanga wetu ni kujitafutia aibu.

Nuraan akaenda kuuliza dukani kwa Tauriq Fakier. Duka la vigari vya rimoti upande wetu ni hilo moja. Na Tauriq, Mungu amsamehe, ndiye aliyewahi kuleta posa ya Nuraan nyumbani kwetu kabla ya Shaheed, akakataliwa kwa adabu. Alikwishaoa, ana watoto, habari ile ilikuwa imekufa na kuzikwa. Lakini Shaheed alipita mbele ya duka akawaona wameinamia kaunta, vichwa karibu, mota zimetandazwa kati yao, Nuraan akicheka.

Jioni akamwambia mkewe, "Mota nitakuchagulia mimi."

"Nilikuwa nauliza tu tofauti zake."

"Unamuuliza Tauriq? Mimi si mumeo?"

"Sijasema wewe si mume wangu, Shaheed. Nimesema nataka mota."

"Basi niachie. Nitakuletea mota ya mabingwa."

Nuraan alifurahi. Alinipigia simu kunieleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeletewa maua. Alikuwa amejua kwamba mumewe amenuna tangu zile Jumapili, na akaona hii ndiyo njia yake ya kusema yameisha.

Mota ikaja imefungwa kwa kitambaa, nyeusi, inang'aa. Ubavuni, pale ambapo hubandikwa karatasi yenye namba, palikuwa na gundi tu.

"Namba yake?" Nuraan akauliza.

"Ilikuwa ya rafiki yangu, karatasi imebanduka. Ni kama yangu. Usijali namba, jali kuendesha."

Jumapili ile nilisimama na kipaza sauti changu nikiwa tayari kumsifu ndugu yangu. Taa ikawaka, vigari vikatoka, na cha Nuraan kikasimama wima kwa magurudumu ya nyuma, kikapinduka chali. Mwinuaji aliyesimama kwenye kona akakiinua. Kikachomoka kama mbuzi aliyekatika kamba, kikavuka ukingo, kikaenda kujichimbia kwenye matairi. Akapunguza mkono, kikazunguka papo hapo kama pia. Kabla nusu ya mashindano haijafika tulianza kusikia harufu ya kitu kinachoungua.

"Wa sambusa amerudi!" mtu akapaza sauti.

Shaheed alishinda siku hiyo. Akaja chini ya turubai na kikombe mkononi, akamwekea mkewe mkono begani, akamwambia kwa upole kabisa, "Usivunjike moyo, mama. Mchezo huu una wenyewe. Lile gari langu lilikuwa limekuzoesha vibaya."

Nilimtazama usoni. Alikuwa ametulia kama mtu aliyelala usingizi wa kutosha baada ya homa.

Nuraan hakukata tamaa upesi. Kila alasiri akitoka kushona alikuja kwenye njia ya mashindano peke yake, akajaribu. Alibana kidogo, alibana kidogo zaidi. Mota ikawa inapata moto hata haigusiki. Jumapili tatu alimaliza wa mwisho, na moja hakumaliza. Kilichoniuma mimi si kushindwa. Kiliniuma kwamba alianza kuitazama mikono yake. Siku moja, akiwa anapima gauni la mtu, alisimama na pini mdomoni, akaniambia, "Washie, nadhani zile mara za kwanza ilikuwa bahati. Nakiuza."

"Unauza?"

"Shaheed amesema atanitafutia mnunuzi."

Nikamwambia kama ni kuuza, twende kwa Tauriq, yeye atatupa bei ya haki. Ijumaa baada ya swala tukaenda. Tauriq alikuwa anakula mkate mrefu wa chipsi na nyama, akafuta mikono, akakipokea kigari. Akafungua kifuniko. Akaitoa ile mota, akaigeuza, akaipima kwa kiganja, akachungulia nyaya zake.

"Nani amekufungia hii?"

"Shaheed," akajibu Nuraan. "Ni kama yake."

Tauriq akaiweka mota juu ya kaunta. Akanitazama mimi, kama vile anataka nimsaidie. Mimi sikumsaidia.

"Nuraan, hii ni tatu na nusu."

"Haiwezekani."

"Nimeiuza mimi mwenyewe. Ilikuja moja tu, niliiagiza kwa bahati mbaya. Shaheed aliniambia anataka kupima mbio kwenye lami, mstari ulionyooka, kule uwanja wa ndege mdogo. Nikamwambia, sawa, huko itakwenda, lakini kwenye mchanga hii hata mimi sifungi. Akasema anajua." Akapitisha ukucha pale kwenye gundi. "Ilikuwa na karatasi yake. Hii haikubanduka, imekwanguliwa."

Nuraan alivuta kiti akaketi. Hakulia. Aliuliza swali moja tu. "Mtu anaweza kuiendesha hii vizuri kwenye njia yetu? Mtu yeyote?"

"Hakuna."

Akaitazama mikono yake tena, juu na chini, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichoibwa.

Kesho yake tulikuwa tumealikwa chakula cha mchana kwa mama yake Shaheed, Mama Gawa. Alikuwa amepika akhni, wali umekolea nyama na viazi, na mezani tulikuwa sisi wanne tu. Nuraan alingoja mpaka Bismillahi imesemwa na sahani zimejaa. Kisha akafungua mkoba, akaitoa ile mota, akaiweka kando ya sahani ya mumewe, kati ya achari na glasi ya maji.

"Hicho kidude ni cha nini mezani pangu?" akauliza Mama Gawa.

"Zawadi, Mama. Mwanao alinipa. Namrudishia, namba yake imepatikana."

Shaheed akawa mwekundu kuanzia shingoni. "Nuraan, tutaongea nyumbani."

"Tuongee hapa. Hapa huwezi kuwasha televisheni."

"Ilikuwa... nilitaka uanze na mota yenye nguvu, ili baadaye..."

"Wewe una ngapi?"

Akasogeza glasi yake ya maji.

"Shaheed, kwenye gari lako umefunga ngapi?"

"Nane na nusu."

"Na mimi niliyeanza juzi ukanipa tatu na nusu, ukaikwangua namba. Umekaa jikoni kwangu na kisu unaikwangua. Nilikuwa wapi wakati huo? Nakupigia pasi?"

Mama Gawa hakuelewa habari za namba, lakini kisu na kukwangua alielewa. Akaichukua sahani ya mwanawe, akaihamishia ile nyama yote kwenye sahani ya mkwewe, akamrudishia wali mtupu.

"Mama!"

"Kula. Na ukimaliza vyombo vinakusubiri."

Shaheed hakuomba radhi siku hiyo. Nami nilikuwa namtazama, nikaona kwamba anataka, maneno yamefika mdomoni, lakini kila akimtazama mkewe akila ile nyama kwa utulivu, uso wake ulikuwa unakaza upya. Aliniambia baadaye kilichokuwa kikimpitia. Hakuwa anawaza alilotenda. Alikuwa anawaza kwamba ni Tauriq ndiye aliyemwambia mkewe.

Jumatatu Nuraan akanichukua tukarudi dukani. Tauriq alikwishaandaa mota juu ya kaunta, na alikuwa amevaa shati la kutokea.

"Chukua yoyote," akasema. "Ile ya zamani niachie, tumemalizana. Nakupa tu."

"Hapana," Nuraan akasema. "Zawadi za wanaume zimenitosha. Niambie bei, halafu nijibu maswali."

Tauriq akakohoa, akavua tabasamu.

"Mimi ningekupa nane na nusu," akasema. "Ndiyo wanayofunga wote wa mbele."

"Kwa nini wanaifunga?"

"Ina mbio pale panaponyooka."

"Panaponyooka ni padogo. Nimepazunguka kila siku, napajua. Ukishabana tu, kona imefika. Na mwisho wa msimu ule upepo wetu wa kusini-mashariki unakuwa umeleta mchanga laini wote juu ya njia, au siyo? Sasa mwenye nane na nusu akitoka kwenye kona anafanya nini?"

"Anasubiri magurudumu yashike."

"Mimi sitaki kusubiri. Nipe inayotoka kwenye kona bila kuchimba." Akazigusa moja moja, kama anavyogusa vitambaa. "Hii ngapi?"

"Kumi na nusu. Lakini pale panaponyooka watakupita."

"Watanipita, watanikuta mbele kwenye kona. Ina ule waya mdogo wa kuhisi, ili isishtuke inapoanza?"

"Inao."

"Itapata moto?"

"Kwa mkono wako? Utaishika kama yai."

Akalipa. Mota ya kwanza aliyoichagua mwenyewe aliiweka kwenye mfuko wa koti, akawa anaishika njia nzima.

Mashindano ya mwisho wa msimu yalikuja na upepo wenyewe. Turubai mbili ziliruka, na mchanga ulikuwa unaingia hadi kwenye chai. Nyumbani kwao walikuwa wanaongea ya lazima tu: umefunga mlango, maziwa yamekwisha. Walikuja kwa magari mawili.

Kwetu kuna mchujo asubuhi na fainali alasiri. Na kanuni ni kwamba waliomaliza mchujo wao husambaa njiani kuwa wainuaji wa mchujo unaofuata. Kigari kikipinduka kwenye kona yako, unakimbia, unakiinua, unakiweka sawa. Shaheed alikuwa amemaliza wake, akapewa kona iliyo chini ya kilima cha kurukia. Mchujo uliofuata ulikuwa wa Nuraan.

Alitoka kama maji kwenye bomba. Nasema kweli, wenzake walikuwa wanarusha mchanga na kuyumba, yeye alikuwa anapita katikati yao bila vumbi. Watu wakaanza kusogea kwenye kamba. Yule aliyekuwa akimwita wa sambusa akasema, "Huyu mama amefunga nini humo?" Alikuwa anaongoza kwa mbali, na amebakiza kidogo amalize, upepo ulipokikamata kigari chake juu ya kilima. Kikageuka hewani, kikaanguka chali. Kilianguka miguuni pa Shaheed. Hakuhitaji hata kukimbia, angeinama tu.

Hakuinama.

Alisimama anakitazama, magurudumu yanazunguka hewani. Mikono yake ilikuwa kiunoni. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Mwinuaji, kona ya kilima." Hakusikia, au alisikia. Vigari viwili vikapita. "Shaheed!" nikasema. "Gari!" Cha tatu kikapita. Tuliisikia mota ya Nuraan ikilia chali kwa sauti yake ileile tulivu, kisha ikazima, maana juu ya jukwaa alikuwa ameachia rimoti. Alikuwa hatazami kigari tena. Alikuwa anamtazama mumewe.

Ndipo Shaheed akainama akakiinua.

Nuraan alimaliza wa sita, akaanza fainali mstari wa nyuma kabisa. Hakuna aliyemtania Shaheed. Wakati wa chakula alikaa na kila mtu akawa na shughuli upande mwingine. Bwana Valentyn, daktari wa meno mstaafu na mzee wetu wa klabu, alimwambia tu, "Kijana, alasiri utaendesha, lakini kuinua hutainua tena leo."

Fainali ilikuwa hivi. Bwana Valentyn alitangulia, Shaheed wa pili, Nuraan mwisho. Mchanga ulikuwa umelainika kama unga. Kila kona Nuraan alikuwa anampata mtu mmoja: yule anachimba, yeye anapita. Palipokaribia mwisho alikuwa nyuma ya Shaheed. Wote wawili walikuwa wamesimama bega kwa bega juu ya jukwaa, hawatazamani. Panaponyooka Shaheed alimwacha, kona ikaja, Nuraan akamfikia. Tena akamwacha, tena akamfikia. Nilimwona Shaheed anabana meno. Na alipoibana mota ile kwa hasira kutoka kwenye kona ya kilima, kigari kikatingisha mkia, kikakaa upande. Nuraan akapita kwa ndani, hakukigusa. Angeweza kukigusa. Nafasi ilikuwapo.

Bwana Valentyn akashinda, Nuraan wa pili, Shaheed wa tatu. Pointi za msimu mzima zilipojumlishwa, ubingwa wa msimu ukabaki kwa Shaheed. Nilipoita jina lake hakuja. Kikombe nikakiweka chini ya meza.

Nilimkuta Nuraan ameegemea dirisha la gari la mumewe. Shaheed alikuwa ndani, mikono kwenye usukani, kama anaendesha. Nilitaka kuondoka, Nuraan akanishika mkono nibaki. Nadhani alitaka awepo shahidi.

"Sitaacha kuendesha," akamwambia.

"Sijasema uache."

"Umesema. Umesema kwa mikono yako pale kwenye kona."

Shaheed akatoa mikono kwenye usukani, akasema maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kwa mwanamume wa umri wake. "Nakuonea wivu, Nuraan. Si Tauriq. Nilijiambia ni Tauriq, ilikuwa rahisi zaidi. Ni wewe. Nina miaka mingi kwenye mchezo huu. Nimenunua kila kitu, nimesoma kila kitu. Wewe umekuja na sambusa zako ukapanda pale juu, ukafanya kama unatia uzi kwenye sindano. Na kile kigari kilipoanguka pale, nilikuwa najiambia inama, inama, na mgongo ukakataa."

"Na ile mota?"

"Ile mota niliikwangua nikiwa nimefurahi." Akafunika uso. "Hilo ndilo linanitisha."

Nuraan hakumwambia yamekwisha. Alimwambia, "Niliamini mikono yangu ni mibovu, Shaheed. Mimi ninayelisha nyumba kwa mikono hii. Hilo hujaniomba radhi."

Akamwomba. Kwa sauti, jina lake na kosa lake, na mimi nikiwa shahidi. Nuraan akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia," akaenda kwenye gari lake. Walirudi kama walivyokuja, kwa magari mawili, ila safari hii la Nuraan lilitangulia.

Kikombe kile Shaheed hakukichukua. Alimwandikia Bwana Valentyn kwamba pointi zile si zake zote, baadhi zilipatikana kwa mkono mwingine, na klabu ikabishana mwezi mzima mpaka ikaamua kuandika majina yote mawili. Nuraan alisema yeye hataki jina lake likae na la mtu pembeni. Anataka lake peke yake, na atalipata. Alilipata msimu uliofuata, kwa mota ileile ya kumi na nusu.

Shaheed hakuendesha msimu huo. Aliporudi, alirudi daraja jingine, la vigari vikubwa, wasikutane. Kabla ya kurudi alimwomba mkewe ushauri wa mota, na nilikuwapo. Ilimtoka kwa shida kama mtu anayeng'olewa jino. Nuraan akamshauri vizuri kabisa, kwa moyo safi. Shaheed akamsikiliza, akashukuru, akaenda akanunua nyingine tofauti. Inapata moto sana.

Wivu haukumtoka. Mwenyewe haongopi. Ila sasa husema. Jumapili nyingine hufika, hushusha vitu, humtazama mkewe anavyopanga vifaa vyake, kisha hupaza sauti mbele yetu sote: "Nuraan, leo ninao. Kaa mbali na mimi mpaka chakula cha mchana."

"Haya, baba," Nuraan humjibu bila kuinua kichwa, akibana skrubu. "Sambusa ziko kwenye bakuli. Jihudumie."